Kuchelewa Kupata Mtoto: Sababu Zake, Vipimo Vyake na Hukumu Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa masuala yanayotufikia mara kwa mara kutoka Unguja na Pemba, na kutoka kwa ndugu zetu wa bara, ni suala la ndoa iliyokaa miaka bila ya mtoto. Safari hii suala limetoka Mpapura, Wilaya ya Mtwara, katika mwambao ule unaoshuka mpaka mlango wa Mto Ruvuma. Muulizaji ni mume wa makamo. Anasema huu ni mwaka wa sita tangu aoe, mkewe hajashika mimba, na wazee wanamshauri amwache au aongeze mke korosho zikishauzwa. Mke ameshazungushwa kwa waganga watatu. Yeye mume hajawahi kupima. Anauliza: je, sheria inamruhusu kumwacha mkewe kwa sababu ni tasa?

Jawabu ya neno moja haitoshi hapa, kwa sababu suala lenyewe limejengwa juu ya jambo ambalo halijathibiti. Nani amesema mke ni tasa? Kwa hivyo tumeona tuandike kwa urefu kidogo, ili makala hii iwe ya kurejewa na familia zetu za visiwani na za mwambao wote. Tunachotaka msomaji akishike ni hiki: mimba ni ya watu wawili, na kukosekana kwake ni jambo la watu wawili mpaka vipimo vioneshe vyengine. Anayemhukumu mke kabla ya mume kupima amehukumu bila ya ushahidi, na hukumu bila ya ushahidi ni dhulma.

1. Mtoto ni atiya, na kukosa mtoto si aibu

Katika Suratu Shuura, aya ya 49 na 50, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametueleza kwamba Yeye humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, wengine huwachanganyia wote wawili, na amtakaye humjaalia kuwa hana kizazi. Aya hizi zimetaja kukosa kizazi katika mpango ule ule wa kupewa. Haikusemwa kuwa ni laana wala adhabu ya dhambi.

Tutazame nyumba ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Mama wa Waumini Aisha (R.A.) hakuzaa. Hakupungukiwa na heshima kwa hilo, na Mtume (S.A.W.) hakumsimanga. Alipotaka kuwa na jina la kuitwa mama wa fulani kama wenziwe, aliitwa Ummu Abdillah, kwa jina la mtoto wa dada yake, Abdullah bin Zubayr. Elimu aliyoiacha mama huyu ndiyo tunayoisomesha katika vyuo vyetu mpaka leo.

Na wako waliosubiri mpaka uzeeni. Sara, mke wa Nabii Ibrahim (A.S.), alibashiriwa mtoto akiwa kikongwe. Nabii Zakariya (A.S.) aliomba mfupa umeshadhoofika na kichwa kimejaa mvi, na Suratul Anbiyaa aya ya 90 inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu alimtengenezea mkewe. Dua basi ni sehemu ya njia. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha pia kutafuta dawa, akatufundisha kuwa hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa yake. Anayekwenda hospitali hajatoka katika tawakal.

2. Mimba inatungwa vipi

Qur-ani Tukufu katika Suratul Insaan aya ya 2 inataja tone lililochanganyika. Na katika Hadithi ya Ummu Sulaym (R.A.), iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa mwanamke naye ana maji yake, na ndiyo maana mtoto hufanana naye. Kwa hivyo katika dini yetu jambo hili ni la pande mbili tangu mwanzo.

Upande wa mwanamke, kila mwezi yai moja kwa kawaida hupevuka na kutoka katika mojawapo ya vifuko viwili vya mayai. Yai hilo hudakwa na mrija unaoelekea kwenye mji wa uzazi. Maisha yake ni mafupi: baina ya saa 12 na 24 hivi. Upande wa mwanamme, manii hubeba mbegu kwa mamilioni, nazo huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Mbegu moja ikilifikia yai ndani ya mrija, ikaingia, ndipo mimba inapotungwa. Kisha huteremka taratibu, na baada ya siku sita au zaidi hivi hujishika katika ukuta wa mji wa uzazi.

Kutokana na hesabu hiyo, siku za kushika mimba kwa kila mwezi ni kama sita tu: siku tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe ya kutoka. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayokuja*, wala si siku 14 baada ya ile iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14; mwenye mzunguko wa siku 32, karibu na siku ya 18; na mwenye siku 22, karibu na siku ya nane. Mwanamke wa Kiislamu ameshazoea kuhesabu ada yake kwa ajili ya sala na funga, basi hesabu hiyo hiyo itamfaa hapa. Na yule mwenye mzunguko mfupi asicheleweshe kuoga josho lake anapotoharika, kwani siku zake za rutuba huanza mara tu baada ya damu kukatika. Si lazima wanandoa wahangaike na kalenda: wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu hawatoipita siku hiyo.

Mbegu za mwanamme nazo hazitengenezwi kwa usiku mmoja. Huchukua zaidi ya miezi miwili kukamilika. Kwa hivyo aliyepata homa kali leo, au aliyeanza dawa leo, athari yake huonekana baada ya miezi miwili au mitatu.

3. Ni lini tuseme kuna tatizo

Katika kila wanandoa 100 wanaoishi pamoja na kukutana kwa kawaida bila ya kuzuia, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja. Katika waliobaki, kama nusu yao hupata ndani ya mwaka wa pili. Ndiyo maana wataalamu huweka mwaka mmoja kuwa kipimo cha kwenda kuchunguzwa. Mke akiwa ameshafika miaka 35, wasingojee zaidi ya miezi sita. Na mwenye hedhi isiyotabirika au isiyokuja kabisa, aliyewahi kuumwa maradhi ya zinaa, au mume mwenye uvimbe wa korodani, waende mapema bila ya kungoja hesabu hiyo.

Hapa tuna neno kwa watu wetu wa visiwani. Mvuvi anayekwenda dago miezi mitatu, na mume aliyeko Maskati au Dar es Salaam na anayerudi nyumbani kwa wiki mbili za Idi, hawezi kusema ameoa miaka minne bila ya mtoto. Ahesabu miezi waliyolala nyumba moja. Tumeletewa masuala ya wake waliokwishaitwa tasa, na tulipouliza tukakuta miaka mitano ya ndoa haina hata miezi saba ya kuishi pamoja.

Tatizo hili si la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba katika kila watu wazima sita, mmoja hukutana nalo wakati fulani wa maisha yake, katika nchi tajiri na maskini. Nalo ni la namna mbili: asiyewahi kupata mimba kabisa, na aliyewahi kuzaa kisha mimba ikakataa. Hii ya pili husahauliwa. Mwanamme mwenye mtoto wa ndoa ya kwanza hujiona ameshapasi mtihani. La hasha. Mtoto wa miaka kumi iliyopita ni ushahidi wa afya ya miaka kumi iliyopita.

4. Sababu kwa upande wa mume

Takriban nusu ya ndoa zilizochelewa kupata mtoto, mume huwa ana sehemu katika sababu, ama peke yake au pamoja na mkewe. Mara nyingi hana dalili yoyote. Nguvu za kiume ni jambo moja na mbegu ni jambo jengine: mwanamme anaweza kuwa hodari kitandani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Sababu zinazokutwa zaidi ni hizi:

- Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo hupasha joto na kuharibu mbegu. Hutibika kwa upasuaji.
- Maambukizo ya kisonono na klamidia yasiyotibiwa, yakaziba njia ya mbegu.
- Matubwitubwi aliyoyapata mtu baada ya kubaleghe, yakateremka kwenye korodani.
- Korodani ambayo haikushuka tangu utotoni. Wazazi wamtazame mtoto wa kiume mapema, na isipokuwa imeshuka akiwa na miezi sita apelekwe kwa daktari.
- Kisukari, ambacho huharibu nguvu na kutoa manii.
- Sigara, bangi, ulevi, na sindano za kukuza misuli wanazodunga baadhi ya vijana wa mazoezi. Sindano hizi huweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu.

5. Sababu kwa upande wa mke

Ya kwanza ni yai kutotoka. Dalili yake kubwa ni hedhi inayokuja baada ya miezi miwili, mitatu, au isiyokuja. Sababu iliyo nyingi ni homoni kutokuwa sawa, vifuko vya mayai vikajaa vivimbe vidogo vidogo vya maji. Mara nyengine huambatana na unene na nywele za kidevuni. Tezi ya shingo na homoni ya maziwa pia huweza kulizuia yai. Habari njema ni kuwa aina hii hutibika mara nyingi kwa vidonge, na kwa mwenye unene, kupunguza uzito peke yake huweza kurudisha hedhi.

Ya pili ni mirija kuziba, na hii ndiyo iliyotusibu Waafrika zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipowachunguza wanandoa katika nchi 25 mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilikuta wanawake wa Afrika wameathirika na mirija iliyozibwa na maambukizo kuliko wanawake wa sehemu nyengine zilizochunguzwa. Maambukizo hayo hutokana na maradhi ya zinaa, na uchafu unaoingia wakati wa kujifungua au mimba inapoharibika ikasafishwa vibaya. Tuseme wazi: wanawake wengi wa aina hii waliletewa maradhi na waume zao nyumbani, kisha wakaitwa tasa na waume hao hao.

Ya tatu ni uvimbe katika mji wa uzazi, hasa ule unaoingia ndani ya nafasi ya mtoto. Si kila uvimbe unazuia mimba. Ya nne ni tabaka la ndani la mji wa uzazi kuota nje ya mahali pake, dalili yake ikiwa ni maumivu makali ya hedhi ambayo nyumbani huambiwa ni kawaida. Ya tano ni umri. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo hupungua wingi na ubora, hasa baada ya miaka 35.

Kisha yako mambo ya kujitia wenyewe. Baadhi ya wanawake huingiza majani, unga wa dawa au sabuni ukeni ili kujikausha au kujisafisha. Hayo huchubua na kufungua mlango wa maambukizo. Wala josho halitaki hivyo: katika madhehebu yetu ya Shafi, kinachowajibika kuoshwa ni kile kinachoonekana mwanamke anapochutama, si kuingia ndani zaidi. Masomo, makungwi na nyakanga wanaowafunda wari wetu tunawaomba walisomeshe hili.

6. Maradhi mawili ya mwambao wetu

*Kichocho.* Watu wengi wanakijua kwa kukojoa damu utotoni na wanadhani kimeishia hapo. Mdudu wake huingia kupitia ngozi katika maji baridi yenye konokono: mito midogo, mabwawa, mabonde ya mpunga. Mayai yake hayabaki katika kibofu tu. Kwa wanawake hukaa katika shingo ya uzazi na huweza kufika kwenye mirija, yakaleta vidonda, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, na utasa. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika wana kichocho cha viungo vya uzazi, na wengi hutibiwa kwa makosa kama wagonjwa wa zinaa. Ndoa ngapi zimevunjika kwa tuhuma hiyo! Mwanamke aliyekulia Mtwara, Unguja ya kaskazini au Pemba, aliyekuwa akichota maji na kuoga mtoni, amwambie daktari habari hiyo. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile inayogawiwa maskulini. Ikitumika mapema huzuia madhara. Ikichelewa, makovu hubaki. Kwa hivyo mzazi anayemficha mtoto siku ya kugawa vidonge hajui anachomnyima.

*Mabusha.* Huletwa na mnyoo unaosambazwa na mbu, ule ule wa matende, na mkoa wa Mtwara ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana. Busha kubwa huzuia tendo la ndoa, na joto na mgandamizo wake huweza kupunguza mbegu. Ajabu ni kwamba mwenye busha huonewa haya hata kulitaja, lakini mkewe hutajwa utasa hadharani. Upasuaji wake upo. Atakayekwenda kufanyiwa ametafuta afya ya mwili wake, twahara yake na nyumba yake.

7. Dhana za kuachana nazo

*"Sindano ya uzazi wa mpango imemharibu."* Sindano ya miezi mitatu huchelewesha kurudi kwa mimba, pengine kwa miezi tisa, kumi, hata mwaka tangu sindano ya mwisho. Haifungi kizazi. Vidonge havina hata ucheleweshaji huo.

*"Ana jini" au "amefungwa."* Husuda na sihiri zipo, hatukanushi, na ruqya ya Qur-ani na dua ni sunna. Wanaosoma kombe wasome kwa Qur-ani, wasichanganye na mizimu. Lakini kisomo hakizuii kipimo. Ama kwenda kwa mtazamiaji na kumuuliza nani amefanya, Mtume (S.A.W.) amebainisha katika Hadithi iliyopokewa na Muslim kuwa mwenye kufanya hivyo sala yake haikubaliwi siku arubaini. Miaka miwili ya kuzunguka kwa waganga ni miaka miwili ya mayai ya mwanamke isiyorudi.

*"Wanawake ndio wagumba."* Mila zetu za mwambao zimemtwika mwanamke mzigo huu. Kwa Wamakonde na Wamakua ukoo hufuatwa kwa mama, kwa hivyo kuuendeleza humwelemea yeye. Mtafiti Trudie Gerrits, aliyewasikiliza wanawake wa Kimakua wa Montepuez ng'ambo ya Ruvuma, alichapisha mwaka 1997 kwamba wasiozaa walikuwa wakitengwa na baadhi ya shughuli za kimila. Na sisi visiwani tusijione bora: ni mara ngapi mke asiyezaa huepushwa asimpakate mwana wa watu kwa kuogopwa jicho lake? Haya si dini.

8. Waanzie wapi

Waende wote wawili, siku moja. Kipimo cha kwanza kiwe cha mume, kwa sababu ni chepesi, hakiumi, na gharama yake ni ndogo kuliko picha na upasuaji wa mke. Ajizuie na tendo la ndoa baina ya siku mbili na saba, na manii yafike maabara ndani ya saa moja. Kipimo kikiwa kibaya kirudiwe baada ya muda, kwani homa ya mwezi uliopita huweza kukishusha.

Kwa mke, daktari ataanza na historia ya hedhi, vipimo vya homoni, picha ya kuangalia mji wa uzazi na mayai, kisha picha ya eksirei ya mirija, ambayo hupigwa siku chache baada ya hedhi kwisha. Picha hii hutiwa dawa kupitia ukeni. Kwa madhehebu ya Shafi kinachoingia ndani ya tupu hufunguza, ingawa Jopo la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilitoa rai mwaka 1997 kuwa vitu vya namna hiyo havifunguzi. Lililo salama ni kuipiga nje ya mchana wa Ramadhani.

Waanzie kituo cha afya cha karibu, kisha waombe rufaa. Walioko Mpapura wanayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara, na ile ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Unguja ipo Mnazi Mmoja, na Pemba ipo Abdulla Mzee, Mkoani.

9. Hukumu zinazohitajika njiani

*Kutoa manii kwa kipimo.* Njia isiyo na shaka ni mume kuyatoa kwa mkono wa mkewe. Isipowezekana, wanavyuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kwa haja ya matibabu kujitoa mwenyewe, kwa kadiri ya haja.

*Kuchunguzwa uchi.* Jopo la Fiqhi liliweka utaratibu mwaka 1993: mke atafutiwe daktari wa kike Muislamu, asipopatikana, wa kike asiye Muislamu, kisha wa kiume Muislamu, kisha wa kiume asiye Muislamu. Aonwe kwa kadiri ya haja, na mumewe, maharimu yake au mwanamke mwaminifu awepo.

*Kutungisha mimba nje ya mwili.* Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, na Jopo la Fiqhi likatoa azimio lake Amman mwaka 1986. Muhtasari wake: inajuzu ikiwa mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na mimba inarudishwa katika tumbo la mke huyo huyo, ndoa yao ikiwa hai. Mbegu au yai la mtu wa tatu ni haramu. Kukodi tumbo la mwanamke mwengine ni haramu, hata akiwa ni mke mwenza. Mume akifa au akiacha, mlango umefungwa. Wanaoifuata njia hii washarutishe kwa maandishi kuwa hakuna cha mtu mwengine kitakachochanganywa. Na wajue gharama ni kubwa na haifaulu kila mara.

*Jibu likimkuta mume hana mbegu.* Hapa ndimi za watu ni hatari. Karatasi ya leo haisemi lolote juu ya watoto aliowazaa jana. Mtoto ni wa kitanda cha ndoa kwa kauli ya Mtume (S.A.W.), na mwenye kumsingizia mwanamke msafi anaingia katika onyo la Suratu Nnuur aya ya 4. Nasaba haivunjwi barazani.

*Kuficha.* Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimtaka mtu mgumba aliyeoa amjulishe mkewe, ili mke awe na hiari. Anayejua kuwa hazai, mume au mke, asiingie katika ndoa kwa kificho.

*Talaka na mke wa pili.* Kwa Mashafi, kukosa kizazi si miongoni mwa aibu zinazovunja ndoa kwa faskhi. Kutoweza tendo lenyewe ni jambo jengine: mke akishitaki, Kadhi humpa mume muda wa mwaka mmoja. Ipo Hadithi inayosisitiza kuoa mwenye mapenzi na mwenye kuzaa. Hiyo ni nasaha ya kuchagua kabla ya ndoa, na wanavyuoni wameichukulia kuwa ni sunna. Haikupewa mtu iwe fimbo ya kumpigia mke aliyekwisha mwoa. Talaka ni haki ya mume na ina mipaka: aachane kwa wema, asidai mahari aliyotoa, asimtangazie aibu. Na mke ambaye mumewe ndiye asiyezaa, akitaka mtoto na subira ikamshinda, anao mlango wa khului, naye asiitwe mtovu wa shukurani.

*Kulea.* Kumlea mtoto wa mwengine ni thawabu kubwa. Kilichokatazwa, kwa aya ya 4 na ya 5 ya Suratul Ahzab, ni kumbadilishia nasaba. Abaki na jina la baba yake. Hatorithi kwa mirathi, lakini anaweza kupewa zawadi ukiwa hai, au kuusiwa hadi thuluthi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeitambua kafala, basi jambo lipitishwe huko. Mtoto akiwa chini ya miaka miwili, unyonyeshaji hurahisisha maisha ya ndani: mtoto wa kike akinyonyeshwa mara tano na dada wa mume, mume huwa mjomba wake, wa kiume akinyonyeshwa na dada wa mke, mke huwa khaloo yake.

10. Jawabu kwa ndugu yetu wa Mpapura

Ndugu yetu, umeuliza kama unaruhusiwa kumwacha mkeo kwa utasa. Tunakujibu: utasa wake haujathibiti, na huwezi kujenga hukumu juu ya dhana. Kuongeza mke ni halali kwa mwenye uwezo na uadilifu, lakini mke wa pili si kipimo cha maabara. Ikiwa tatizo liko kwako, utakuwa umewaweka wanawake wawili katika simanzi moja, na umetumia fedha za msimu kununua jawabu ambayo kipimo kingekupa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Fanya hivi. Kabla msimu haujafika, nenda Ligula na mkeo, uanze wewe. Waambie wazee, kwa adabu, kuwa sheikh amekuambia usubiri majibu. Msimamishe mkeo kwenda kwa waganga na umwombe radhi kwa hao watatu. Majibu yakipatikana, mtibiwe pamoja, na mpeane angalau mwaka wa matibabu. Kithirisheni istighfari na dua ya Nabii Zakariya (A.S.). Ikiwa baada ya yote hayo hamkujaaliwa, mtakaa na kuamua mkiwa na ilimu, bila ya kudhulumiana; na kama mtaachana, mtaachana mkiwa hamna deni la uongo baina yenu Siku ya Kiyama.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaruzuku wenye kungoja kizazi chema, awape subira na ridhaa wale aliowakadiria kukosa, na azilinde ndimi zetu na kuwaumiza.

Wallahu a'alam. Wabillahi taufiq.